Kuiacha Hifadhidata Isomeke Bila Kuandikwa Wakati wa Matengenezo

Chama cha akiba na mikopo cha Mbarara au Masaka kinapohamishia hifadhidata yake kwenye seva mpya, wanachama wake huendelea kutazama salio zao usiku huohuo, na hakuna sababu ya kuwazimia huduma yote. Inatosha kuzuia maandishi mapya hadi kazi iishe. Maelezo haya yanahusu zaidi PostgreSQL, programu ya kuendesha hifadhidata.

Chagua usiku ulio mbali na siku za mishahara, kisha ukague saa ya seva. Seva nyingi hufuata UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya saa zetu kwa saa 3, hivyo kazi ya saa sita usiku ya Kampala huandikwa 21:00. Fedha zinazotumwa kwa simu hazilali: ama njia ya kuzipokea ifungwe kwa tangazo la mapema, ama programu izihifadhi kwenye foleni iliyo nje ya hifadhidata. Mwanachama ambaye pesa imetoka kwenye simu yake na haionekani kwenye akaunti hatasikiliza habari za matengenezo.

Muda ukifika, toa amri hii, ukiweka jina la hifadhidata yako mahali pa «sacco»:

ALTER DATABASE sacco SET default_transaction_read_only = on;

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo penye kosa, kwa sababu amri hiyo huwahusu wanaoingia baada yake tu. Miunganisho iliyokuwa wazi huendelea kuandika kama kawaida. Tazama kwanza katika pg_stat_activity, orodha ya miunganisho iliyo wazi, kama kuna muamala mrefu, tuseme ukokotoaji wa riba, uuache umalizike, kwani ukikatwa njiani kazi yake yote hubatilishwa. Kisha kata iliyobaki:

SELECT pg_terminate_backend(pid) FROM pg_stat_activity WHERE datname = 'sacco' AND pid <> pg_backend_pid();

Ingia kwa akaunti ya programu ujaribu kuongeza safu mlalo moja kwenye jedwali, unapaswa kukataliwa. Jaribu pia kuingia kama mwanachama, maana programu nyingi huandika saa ya mtu kuingia, na maandishi hayo madogo yakikataliwa hata mwenye nia ya kusoma tu hubaki nje. Afadhali kasoro hiyo igunduliwe wiki moja kabla, kwenye seva ya majaribio.

Ieleweke pia kwamba mpangilio huu si kufuli. Mtumiaji yeyote anaweza kuuondoa ndani ya muunganisho wake mwenyewe. Usipoiamini programu, inyang'anye haki za kuandika kwa REVOKE, amri ya kuondoa haki, baada ya kuweka kumbukumbu ya haki ilizokuwa nazo. Lakini hilo si kizuizi kamili ikiwa akaunti yake ndiyo inayomiliki majedwali, kwani mmiliki anaweza kujirudishia haki hizo. Baada ya hapo ndipo uchukue nakala ya kuhamisha.

Wakati wa kufungua, msimamizi anayeingia upya naye hukuta amezuiwa kuandika, kwa hiyo ajiondolee kizuizi kwanza:

SET default_transaction_read_only = off;
ALTER DATABASE sacco RESET default_transaction_read_only;

Rudisha haki ulizoondoa, kisha ukate miunganisho kwa mara ya pili, kwa kuwa ile iliyoanza wakati wa kizuizi bado haiandiki. Kama umehamia seva mpya, ile ya zamani usiifungue kamwe.

Kwa MySQL, programu nyingine ya hifadhidata, tumia SET GLOBAL super_read_only = ON, iliyopo tangu toleo la 5.7.8, kwa sababu read_only peke yake haiwazuii wasimamizi. Amri hiyo hufunga seva nzima. Kuanzia toleo la 8.0.22 unaweza kufunga hifadhidata moja kwa ALTER DATABASE sacco READ ONLY = 1. Kumbuka kwamba SET GLOBAL hupotea seva ikizimika: umeme ukikatika katikati ya kazi, seva inaweza kuwaka tena ikiwa inaandikika, isipokuwa uliandika mpangilio huo kwenye faili la mipangilio ya seva au ulitumia SET PERSIST, iliyokuja na toleo la 8.0.