Usisubiri upungue ndipo utibiwe goti
Kama goti linauma na umeanza kupunguza uzito, usiahirishe kumwona daktari eti mpaka kilo zishuke kwanza. Kila kilo 1 unayopungua hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo 4 kwa kila hatua, sawa, lakini misuli ya paja ikiwa dhaifu utaendelea kuchechemea tu. Omba uelekezwe kwa mtaalamu wa fiziotherapia akupe mazoezi ya kuimarisha mapaja. Kuogelea au baiskeli hulipa goti nafuu kuliko kukimbia (kuruka kamba kuache kwanza, tafadhali). Na kama unaruka milo, usimeze ibuprofeni (dawa ya maumivu) tumbo likiwa tupu. Goti likivimba ghafla, likawa la moto na una homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.