Msomee kisa chake kwa sauti kabla hujakituma

Ukiandika kisa cha mtu aliyepoteza uwezo wa kuona baada ya surua au mkanda wa jeshi wa usoni, msomee chote kwa sauti, polepole, kabla hakijatoka mkononi mwako. Kila penye mtaa, kazi au mwaka, tua umuulize: "Hapa pabaki?" Juzi hapa Nairobi mama mmoja alinisimamisha kwenye maneno "kibanda kando ya steji". Jina nilikuwa nimeshalificha, lakini wateja wake wangemjua papo hapo. Fomu ya ridhaa alikuwa ameitia kidole gumba bila kuiona. Kusikia ndiko kulikompa nafasi ya kukataa. Mwambie pia kwamba anaweza kuondoa ridhaa yake baadaye, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa haki hiyo. Njia hii haifai akiwa amezungukwa na jamaa au daktari anayemtibu, atakubali kwa heshima tu. Ngoja mbaki wawili. Wala haithibitishi chanzo: akisema "surua ndiyo iliniharibu macho", andika kwamba ndivyo anavyoeleza, kwani huenda upungufu wa vitamini A au dawa ya kienyeji iliyotiwa jichoni vilichangia.