Kufunga kidude cha waifai kwenye kompyuta ya mezani, ndani ya nyumba ya mawe

Ami yangu alinipigia simu tarehe 28 Juni, baada ya alasiri. "Mwanangu, nimenunua hichi kidude cha mtandao, nimekichomeka, taa yawaka, na intaneti hakuna. Njoo kabla sijakitosa baharini." Zilikuwa zimebaki siku mbili za kujaza ritani ya kodi, na yeye, karani mstaafu wa kutoa mizigo bandarini, hajazi chochote kwenye simu. Asema herufi za simu ni ufuta uliomwagika.

Nyumba yake iko Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Ruta, kile kisanduku kinachotoa waifai, iko ghorofa ya pili kwa binamu yangu, kompyuta iko chini, chumba cha mbele. Kuteremsha waya kungetaka kutoboa dari mbili za boriti, na boriti zile ni za mikoko ya zamani, ami haruhusu hata msumari wa picha. Ndiyo maana akanunua kidude cha USB. Mimi nilikaa saiba moja ya Makadara miaka sita, vidude hivi nimechomeka hadi kidole kikaota sugu, na kazi ya siku ile naieleza kama ilivyokwenda, maana matatizo ya ami ndiyo yatakayokupata wewe.

Anza na kasha. Tarakimu kubwa iliyoandikwa mbele, ya kasi kwa megabiti kwa sekunde, ndiyo inayouza, na ndiyo inayodanganya. Kidude cha 150 hutumia masafa ya 2.4 GHz peke yake. Kilichoandikwa 600 huwa na masafa mawili, 150 kwa 2.4 GHz na 433 kwa 5 GHz. Wenye kiwanda wamejumlisha wakapata 583, wakakaza hadi 600. Huwezi kutumia yote mawili kwa pamoja, kwa hivyo 600 hutaiona maishani. Cha 1200 ni hesabu ile ile, 300 na 867. Tena hizo ni kasi za hewani kwenye hali nzuri kabisa. Nyumbani, kidude cha 150 kikiunganika vizuri mara nyingi kompyuta itakuonyesha 72, na faili halisi zitashuka kwa kasi pungufu ya hapo. Kwa ritani na video za mawaidha inatosha na kubaki.

Kasha la ami liliandikwa 600. Likumbuke hilo.

Ndani mna kisahani cha CD kidogo kama kisosi cha kahawa. Kiweke kando. Kompyuta nyingi siku hizi hazina pa kukitia, na hata ikiwa yako inapo, draiva iliyomo, yaani programu inayoifundisha kompyuta kukitumia kidude, huenda ni ya miaka mingi nyuma au ni ya kidude kingine kabisa. Ami alikuwa amekwisha kuisakinisha. Niliiondoa kwanza kwenye orodha ya programu, nikazima kompyuta na kuiwasha tena, tukaanza upya.

Chomeka kidude nyuma ya kompyuta. Matundu ya mbele yameunganishwa kwa vijiwaya vyembamba vya ndani, na kwenye mashine kuukuu umeme wake hupungua pungua, kidude kikawa kinakatika bila sababu. Ukishachomeka, usiguse kitu kwa dakika mbili. Windows 10 na 11 vidude vingine huvijua bila kufundishwa. Ukiona imetokea CD mpya kwenye kompyuta hali hukutia CD, usishtuke. Vidude vingine hujifanya CD kwanza ili draiva iliyomo ndani isomeke, na ukishaisakinisha hujigeuza kuwa adapta.

Kama hakikujulikana, sasa tunataka jina lake la kweli. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika:

devmgmt.msc

kisha Enter. Inafunguka orodha ya vifaa vyote vya kompyuta. Tafuta chenye alama ya manjano ya mshangao, kwa kawaida hukaa chini ya Other devices. Kibofye kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, kisha Details, na kwenye kile kisanduku cha kuchagua teua Hardware Ids. Mstari uliotokea kwa ami ulikuwa hivi:

USB\VID_0BDA&PID_F179

Huu mstari ndio kitambulisho. VID ni namba ya kampuni, mara nyingi ile iliyotengeneza chipu, na PID ni namba ya kidude chenyewe, ndiyo inayokufikisha kwenye chipu. 0BDA ni Realtek, na 148F ukiiona ni Ralink, ambao chipu zao ziliingia kwa MediaTek. Jina lililopigwa chapa juu ya plastiki halina maana hapa. Kampuni kumi huweza kununua chipu moja, kila moja ikaivika nguo yake, na kampuni moja huweza kubadilisha chipu katikati ya mwaka bila kubadilisha kasha. Watu huingia kutafuta draiva kwa jina la kasha, wakashusha ya chipu nyingine, wakarudi dukani kusema kidude kibovu.

F179 ni chipu ya RTL8188FTV. Chipu hiyo haijui 5 GHz, na mwisho wake ni 150. Nikamwambia ami kasha lasema 600 na kilichomo ni 150. Akavua miwani. "Kwa hivyo nimeuziwa mbuzi kwenye gunia." Nikaipiga picha ile skrini. Baadaye nilipita kwa muuzaji nikamwonyesha, akaitazama, akatazama na kasha, akanitolea shilingi 400 bila maneno mengi. Kwa hivyo hata kama kidude chako kimefanya kazi mara moja, chukua dakika moja ukatazame kitambulisho. Bora kujua ungali na risiti.

Sasa lipo lile fumbo la kila siku: draiva iko kwenye intaneti, na intaneti inangoja draiva. Simu ndiyo daraja. Unganisha simu ya Android na kompyuta kwa waya wa chaji, uwe ni waya unaopitisha data na si ule wa chaji peke yake. Ingia mipangilio ya simu, sehemu ya hotspot, washa USB tethering. Kompyuta itaiona simu kama waya wa mtandao. Na hapa pana siri ambayo wengi hawaijui: simu ikiwa imeshika waifai, itapitisha waifai ile ile, bando lako halipungui hata kidogo. Simu yangu ilikuwa inashika vijisehemu viwili vya waifai ya binamu pale penye baraza, nikaiacha hapo mlangoni na waya ukaingia ndani. Haikuwa kasi, lakini draiva haina uzito.

Intaneti ikishaingia, jaribu njia ya uvivu kwanza. Fungua Windows Update, tafuta masasisho, na uangalie pia yale ya hiari, maana draiva nyingi hufichwa huko. Isipotokea, nenda kwenye tovuti ya Microsoft iitwayo Update Catalog, uandike kile kitambulisho kwenye kisanduku cha kutafutia, kuanzia VID hadi mwisho. Utapewa orodha. Chagua inayolingana na Windows yako, ushushe. Huja faili yenye mkia wa .cab, ifungue kwa programu ya 7-Zip uitoe kwenye folda. Kisha rudi kwenye orodha ya vifaa, bofya kile chenye manjano kwa kitufe cha kulia, chagua Update driver, halafu ile ya kutafuta ndani ya kompyuta yako mwenyewe, uielekeze kwenye folda. Ile alama ya manjano itaondoka, na kidude kitahamia chini ya Network adapters na jina lake halali.

Zile tovuti zinazokupa programu ya "kutafuta draiva zote bure", ziache zilivyo. Nimesafisha kompyuta nyingi mno kwa ajili yake.

Kujiunga ni kazi nyepesi: alama ya mtandao kona ya chini kulia, jina la waifai, neno la siri. Neno la siri lililochapwa chini ya ruta lisome kwa tochi, sifuri na herufi O zimewaliza wengi. Ukiona majina ya majirani wote isipokuwa lako, huenda ruta yako inatangaza jina hilo kwa 5 GHz tu na kidude chako hakisikii huko, basi washa 2.4 GHz kwenye ruta. Na ikiwa jina laonekana lakini linakukatalia ijapokuwa neno la siri ni sahihi, tazama kama ruta imewekwa ulinzi mpya wa WPA3 peke yake. Vidude vya zamani havijui hiyo, iweke kwenye mchanganyiko wa WPA2 na WPA3.

Tulijiunga. Ami akafungua ukurasa, ukurasa ukazunguka, ukazunguka.

Hapo ndipo ilipoanza kazi yenyewe. Kuta za nyumba hizi ni za matumbawe na chokaa, unene wake dhiraa nzima na zaidi, na matumbawe hunywa unyevu. Mawimbi ya waifai hayapendi unene na hayapendi maji, na ukuta wetu una vyote viwili. Nilimwambia ami kwamba kebo ya intaneti ya TEAMS imetoka Fujairah chini ya bahari ikatua hapa hapa Mombasa mwaka 2009, imekuja kushindwa na ukuta wa babu. Akasema ukuta wa babu ulijengwa kuzuia jua, na umezuia.

Pima kabla ya kuhamisha. Fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd, kisha:

netsh wlan show interfaces

Tazama mstari wa Signal. Kidude kikiwa nyuma ya kompyuta, chini ya meza, kimegusana na bati la kasha na kuelekea ukutani, kilisoma asilimia 31. Nikachukua waya wa USB wa kurefusha, mita moja na nusu, nikakitoa hadi juu ya kabati: 48. Nikakisogeza penye mlango unaotazama ngazi: 74. Ngazi ndiyo bomba la mawimbi katika nyumba ya ghorofa, yanateremkia humo kama yanavyoteremka maneno ya jikoni. Kwako huenda ikawa ni ua wa ndani au dirisha. Sogeza, ngoja sekunde kumi, pima, sogeza tena. Na hapa ile chipu ya bei rahisi ikatutendea wema, kwani 2.4 GHz ndiyo inayopenya kuta. 5 GHz ina kasi lakini ukuta kama huu huikata mapema.

Jambo moja la ajabu kuhusu matundu: lile la buluu, la USB 3, likiwa linafanya kazi na flashi au diski ya nje, hutoa kelele inayosumbua 2.4 GHz. Kidude cha 2.4 kitie kwenye tundu jeusi. Cha 1200 kinachotumia 5 GHz hicho ndicho cha kupewa buluu.

Yamebaki mawili yatakayokurudisha kwa fundi ukiyaacha. La kwanza, Windows hupenda kukizima kidude ili kuokoa umeme, nawe ukirudi kutoka kuswali wakuta mtandao umekatika. Kwenye orodha ya vifaa, Properties za kidude, sehemu ya Power Management, ondoa ile alama ya kuruhusu kompyuta ikizime. La pili ni saa. Mashine ya ami, stima ikipotea, husahau tarehe, na siku ile ilikuwa inaamini tuko Januari 2012. Waifai ilishika, lakini kila ukurasa wenye kufuli ulikataa, kwa sababu vyeti vya tovuti hupimwa kwa tarehe ya kompyuta yako. Rekebisha saa, kisha ununue betri ya CR2032, ile bapa kama sarafu, uibadilishe kwenye bodi. Ni dakika tano na bisibisi moja.

Wenye Linux nitawapitia mbio. Andika lsusb uone kitambulisho kile kile. Ukikuta 0bda:1a2b, kidude bado kinajifanya CD, kiamshe hivi:

sudo usb_modeswitch -KW -v 0bda -p 1a2b

Kisha nmcli device wifi list ikuonyeshe majina. Ikiwa bado hujanunua, tafuta chenye chipu ya MT7601U au AR9271, hizo kernel, kiini cha Linux, inazo ndani yake zamani na hazina vita.

Chumvi ya hapa nayo usiisahau. Kidude kikikaa dirishani miezi kadhaa, vile vyuma vya mdomoni huota weusi au kijani, na huanza kukatika. Kichomoe, sugua kwa pamba yenye spiriti, kiache kikauke kabisa, rudisha. Na ile folda ya draiva inakili kwenye flashi, maana siku Windows itakapofutwa na kuwekwa upya, utarudi pale pale pa kutafuta simu na waya.

Ritani iliingia tarehe 29, kabla ya magharibi. Nilipokuwa nafunga mkoba, nikamwomba ami aandike kile kitambulisho nyuma ya kompyuta. Akatoa kalamu yake ya wino akaandika kwa hati alizozoea, kuanzia kulia, herufi ya fe na tarakimu za Kiarabu. Nikamwambia fundi mwingine hataweza kuisoma. "Fundi mwingine ni nani?" akauliza, akafunga kifuniko cha kalamu.