Gharama za mirathi mahakamani: hesabu ya hatua kwa hatua kwa familia za Moshi na Arusha

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Moshi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kutembea na familia kwenye mirathi. Wakifika huuliza kwanza, "Mahakamani wanachaji shilingi ngapi?" Ada ya kufungua shauri la mirathi Mahakama ya Mwanzo ni ndogo, mara nyingi haifiki hata nauli ya watu waliokuja kuniuliza. Fedha za familia huishia kwenye safari zisizo na sababu, karatasi zenye majina yanayopishana, na shauri lililofunguliwa mahakama isiyostahili. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake.

Hatua ya 1: Anzeni daftari kabla ya kutoa shilingi

Karibu kila msiba una daftari la rambirambi. Juzi mama mmoja kutoka Kibosho alilitoa kwenye mkoba, kaunta buku lenye kona zilizokunjamana, mbele limejaa majina na michango. Tukaligeuza, tukaanzia nyuma: tarehe, kilicholipiwa, kiasi, aliyetoa. Risiti tukazibana kwa pini kwenye ukurasa wake.

Safu ya "aliyetoa" ndiyo inayozuia ugomvi. Kwa kawaida mtoto aliyeko Dar es Salaam hutuma fedha zote, na mwaka ukipita anaanza kudai kwamba nyumba ni yake kwa kuwa yeye ndiye aliyegharamia. Kwenye kikao cha ukoo andikeni wazi kwenye muhtasari: anayetanguliza fedha anaidai mirathi, na atarudishiwa kwa risiti. Fungu lake halikui kwa sababu hiyo. Gharama za mazishi, za mahakama na madeni ya marehemu hutoka kwenye mali yake kwanza, ndipo warithi wagawane kinachobaki.

Hatua ya 2: Karatasi za msingi

Cheti cha kifo hutolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kwa wilaya nyingi mnakwenda ofisi iliyoko kwa Mkuu wa Wilaya. Sajilini kifo ndani ya siku 30; mkichelewa, ada inaongezeka na maswali pia. Aliyefia hospitali ana fomu ya taarifa ya kifo kutoka huko. Aliyefia nyumbani, anzieni kwa mtendaji. Ulizeni pia RITA kama marehemu aliacha wosia, maana wanatunza wosia za watu. Wosia ukigunduliwa katikati ya shauri, mnarudi nyuma hatua nyingi.

Halafu kaeni mezani mlinganishe majina. Nimeona cheti cha kifo kimeandikwa Aloyce, kitabu cha benki Alois, na hati ya kiwanja ina jina la ubatizo na la babu tu. Kila tofauti inahitaji kiapo cha majina, na kiapo kina gharama yake. Mkizikuta zote siku moja, kiapo kimoja kinatosha. Mkizikuta moja moja, mnalipia kila moja pamoja na nauli.

Hatua ya 3: Chagueni mahakama sahihi

Hapa naomba msisome haraka. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya mirathi pale sheria inayotumika ni ya mila au ya Kiislamu. Marehemu akiwa Mkristo aliyefunga ndoa kanisani na kuishi kwa taratibu hizo, shauri lake huweza kuhitaji Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu, ambayo ipo hapa Moshi na Arusha pia. Mahakama huangalia jinsi marehemu alivyoishi na alivyokusudia. Kuwa Mchaga au Mmeru peke yake hakutoshi kuamua.

Nilikuwa mgeni kwenye kazi hii nilipoisindikiza familia moja Mahakama ya Mwanzo kwa sababu ni karibu na ni nafuu. Msimamizi, yaani mtu anayepewa na mahakama kazi ya kukusanya na kugawa mali, aliteuliwa, mali ikaorodheshwa. Mpwa wa marehemu akakata rufaa kwa hoja ya mamlaka, na kila kitu kikafutwa. Wakaanza upya, safari hii na wakili. Fedha walizookoa mwanzoni walizilipa mara nyingi, na bado inaniuma.

Kwa hiyo pelekeni swali hili kwa msaada wa kisheria kabla ya kujaza fomu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoaji wa huduma hii bila malipo kwa wasio na uwezo, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza 2023, imepita vijijini kwa kazi hiyohiyo.

Hatua ya 4: Kufungua shauri

Mkishapokelewa, mtapewa namba ya malipo, mnalipa kwa simu, benki au wakala. Asikubali mtu kumkabidhi karani fedha mkononi. Asiye na uwezo kabisa anaweza kuomba msamaha wa ada.

Mahakama hutangaza maombi ili mwenye pingamizi ajitokeze. Kwenye mahakama za juu tangazo huenda gazetini, na gharama hiyo wengi hawaipangi.

Sasa nauli. Tuseme mwombaji, wadhamini wawili na warithi wanne wanatoka Marangu: watu saba. Kama kwenda na kurudi ni shilingi 4,000 kila mmoja, siku moja ni 28,000. Shauri likiahirishwa mara tatu, ni 84,000 zaidi, chai haijahesabiwa. Mwulizeni karani kila mara nani hasa anatakiwa tarehe ijayo. Wengine wabaki nyumbani wapalilie migomba.

Hatua ya 5: Wakili, kama anahitajika

Mirathi isiyo na ugomvi Mahakama ya Mwanzo wengi huimaliza wenyewe. Fomu na mazungumzo ni kwa Kiswahili. Mkimchukua wakili, mwombeni aandike ada yake na mwisho wa kazi yake. Je, ni hadi barua ya usimamizi tu, ile ya mahakama inayomtambua msimamizi, au hadi hesabu zifungwe? Familia nyingi hudhani wamelipia yote, kumbe wamelipia nusu.

Hatua ya 6: Kukusanya mali

Benki mara nyingi huhamishia fedha za marehemu kwenye akaunti ya mirathi ya Mahakama, kisha kila mrithi hulipwa kwenye akaunti yake. Hakikisheni kila mrithi ana akaunti na kitambulisho cha NIDA mapema.

Kihamba, yaani shamba la ukoo, kisicho na hati hakina gharama za ofisi ya ardhi. Mnahitaji mipaka iliyokubaliwa na muhtasari wa mgawanyo uliosainiwa mbele ya uongozi wa kijiji. Kiwanja chenye hati, mfano cha Njiro kule Arusha, ni kingine: msimamizi asajiliwe kwanza kwenye hati, na malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi yalipwe. Angalieni deni hilo mapema, limewahi kushtua wengi.

Mkiuza kiwanja au nyumba mkiwa na kumbukumbu za gharama zake, mkazi hutozwa kodi ya asilimia 10 ya faida, siyo ya bei yote. Zile risiti za zamani za saruji na mabati alizoziweka baba kwenye sanduku msizichome, zinapunguza faida inayotozwa.

Hatua ya 7: Kufunga

Kwa Mahakama ya Mwanzo, ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa msimamizi apeleke orodha ya mali na madeni kwa Fomu Namba 5, kisha hesabu kwa Fomu Namba 6. Kwa mahakama za juu, orodha ni ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka. Ukiona muda hautoshi, omba uongezwe kabla haujaisha. Kuitwa kujieleza kunakula nauli, na warithi huanza kushuku.

Fomu hiyo ya hesabu mnaijaza kutoka nyuma ya lile daftari. Tumeni na nakala za risiti, mwombe karani agonge muhuri kwenye nakala yenu, na daftari lenyewe alitunze msimamizi.