Sauti zisizo na mwenyewe: mambo ya kuandaa kabla baipola haijapanda

Maandalizi ya baipola, ugonjwa wa akili unaopandisha na kushusha hali ya moyo kupita kiasi, yafanye siku ambayo huumwi. Siku umelala vizuri, chakula kinapita, na mtu akikuuliza jambo unamjibu lile lile alilouliza. Nasema hivi kwa sababu kipindi kikianza kupanda, uwezo wa kujipima ndio unaotangulia kuondoka. Sauti unayoisikia peke yako haiji na tangazo kwamba ni dalili. Inakuja kama habari ya kweli, na akili ambayo ingeihoji ndiyo hiyo hiyo iliyoguswa na ugonjwa. Maamuzi yote magumu yanatakiwa yawe yamekwisha kuamuliwa, yameandikwa, na kuna mtu mwingine anayeyajua.

Kwanza ujue unajiandaa kwa ajili ya nini. Wengi tukipewa jina la baipola tunaelezwa habari ya kupanda na kushuka: siku za nguvu nyingi na maneno mengi, kisha siku za sonona ambazo hata kuoga ni mlima. Habari ya maruweruwe, yaani kusikia, kuona au kuhisi visivyokuwepo, husemwa kwa haraka, au haisemwi kabisa, ndiyo maana yakitokea mtu hudhani amepata ugonjwa wa pili. Ukweli ni kwamba kwa baipola ya aina ya kwanza, ile yenye vipindi vikali vya kupanda, nusu ya wagonjwa au zaidi hupitia maruweruwe au imani zisizo na msingi wakati fulani maishani. Kusikia sauti kunaongoza, ila wapo wanaoona watu, wanaonusa uvundo usiokuwepo, na wanaohisi kitu kikitambaa kwenye ngozi. Mara nyingi maruweruwe hufuata hali ya moyo. Ukiwa umepanda, sauti inakusifu na kukutuma kazi kubwa. Ukiwa chini, inakutukana na kukuambia huna haki ya kuishi. Kwa wengine haifuati chochote. Na kuna jambo la kumwambia daktari bila kuchelewa: kama sauti zimeendelea wiki mbili au zaidi wakati moyo wako umetulia, hujapanda wala hujashuka, huenda utambuzi wa ugonjwa ukahitaji kuangaliwa upya, na matibabu nayo yakabadilika.

Kisha andika alama zako. Usichukue orodha ya kijumla kutoka kwenye kipeperushi. Andika zako, kwa maneno yako. Kwa watu wengi alama ya kwanza ni usingizi: unalala kwa muda wa saa tatu au nne tu na kuamka ukiwa na nguvu kuliko aliyelala usiku kucha, tena hujisikii kuchoka. Kukosa usingizi ni dalili na ni chanzo pia, kwa hiyo safari ya usiku, zamu ya kazi ya usiku au msiba wa kukesha ni mambo ya kupangiwa mapema na daktari wako. Baada ya usingizi kila mtu ana mpangilio wake. Mimi kelele za kawaida huanza kuwa kali mno, halafu maneno ya redioni huanza kuonekana kana kwamba yananilenga, ndipo sauti zenyewe zinafika. Waulize unaoishi nao waliona nini mara iliyopita, maana wao huona kabla yako. Pia jifunze kutenganisha: kusikia jina lako likiitwa unapokuwa unasinzia au unapozinduka huwapata hata watu wazima wa afya. Likiwa peke yake, na usingizi wako uko sawa, halitoshi kukutia hofu.

Tafuta mtu mmoja wa kumuuliza. Mmoja tu, mwenye kifua cha kutunza siri, mkubaliane mkiwa mmetulia kwamba una ruhusa ya kumwambia wakati wowote, "Umesikia hilo?" Naye ajibu kwa ufupi, "Hapana, sijasikia." Asicheke, asihubiri, asianze kubishana na sauti kwa niaba yako. Kubishana na imani iliyokwisha kukomaa huizidishia mizizi. Akitaka kuongeza neno, aseme kwamba anaona unaogopa na kwamba yupo. Ukiwa peke yako, simu husaidia: rekodi sauti kisha uisikilize, au elekeza kamera pale unapoona mtu. Wengine hutumia vipokea sauti vya masikioni, kusoma kwa sauti, au kuimba polepole, na kwa baadhi yao sauti hupungua wanapotumia kinywa chao wenyewe. Lakini njia hizi zina mpaka. Hufaa mwanzoni, wakati bado una shaka. Shaka ikishaondoka, hata rekodi tupu utaitafsiri kuwa ni ushahidi kwamba wanajificha. Kwa hiyo anza kupima mapema, na siku utakapojiona huoni tena haja ya kupima, hiyo yenyewe iandikwe kati ya alama za kupiga simu.

Hapa pana jambo nisilotaka lisomwe haraka. Sauti inayoamuru. Sauti ikikuambia ujidhuru au umdhuru mtu mwingine, hata mara moja, hata kwa upole, hata kama unaamini huwezi kuitii, unakwenda hospitali saa hiyo hiyo na mtu akiwa pamoja nawe. Uamuzi huo ufanye leo ili siku hiyo pasiwe na mjadala. Mtu wako awe na ruhusa yako, ya maandishi, ya kukupeleka hata ukikataa, na ajue sheria ya mnapoishi inamruhusu kufanya nini. Halafu punguza vilivyo karibu: akiba kubwa ya dawa isikae chumbani kwako, mwombe daktari akupe za muda mfupi mfupi au ndugu azitunze, sumu za wadudu na silaha zitoke nyumbani, funguo za gari zikabidhiwe mara alama mbili za mwanzo zikionekana. Hakuna aibu katika hili. Hatari ya mtu kujiua katika baipola ni kubwa kuliko ya watu wengine kwa mbali, na umbali kati ya wazo na kifaa umeokoa maisha ya wengi.

Upande wa dawa, jua yako inahitaji nini. Lithiamu, ambayo daktari John Cade wa Australia aliripoti mwaka 1949 kwamba inatuliza mania, yaani hali ya kupanda, bado ni miongoni mwa dawa bora kabisa tulizo nazo, ila nafasi kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru ni nyembamba. Damu hupimwa takribani saa 12 baada ya dozi ya mwisho, na kiwango kinachotafutwa kwa wengi ni kati ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita, pamoja na kuangalia figo na tezi ya shingoni. Kuhara, kutapika, jasho jingi au kufunga bila maji vinaweza kuipandisha mwilini, na vivyo hivyo dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki. Kutetemeka kwa nguvu, kuyumba, kutapika na kuchanganyikiwa ni ishara za sumu. Nenda hospitali, usingoje miadi. Kama unafunga kwa ajili ya dini, zungumza na daktari wiki kadhaa kabla, siyo siku ya kwanza ya mfungo.

Kadi ndogo ikae kwenye pochi yako kwa ajili ya mfamasia au daktari asiyekujua. Iandike kwamba una baipola na umewahi kupata maruweruwe, kwamba dawa za sonona zikitolewa peke yake zinaweza kukupandisha, kwamba prednisoloni na jamii yake (dawa za steroidi) zinaweza kufanya hivyo hivyo, na kwamba meflokwini, dawa ya malaria, haikufai. Kama uliwahi kuchomwa haloperidoli, dawa ya kutuliza maruweruwe, shingo ikakaza au macho yakapinda juu, liandike kwa herufi kubwa. Na usiache dawa ghafla kwa kuwa sauti zimenyamaza. Zimenyamaza kwa sababu ya dawa.

Wanawake wana maandalizi yao ya ziada, na huchelewa kuambiwa. Valproeti, dawa nyingine ya baipola, huweza kumdhuru mtoto tumboni vibaya, kwa hiyo suala la dawa hupangwa kabla ya mimba, lakini usiiache mwenyewe hata ukigundua umeshapata; nenda ukabadilishiwe. Wiki chache za kwanza baada ya kujifungua ni kipindi cha hatari kubwa kwa mwenye baipola, na maruweruwe huweza kuanza ndani ya siku chache tu. Wakunga wajulishwe mapema, na usingizi wa mama uwe na mtu wa kuulinda usiku.

Jambo jingine ni la wanaokuzunguka zaidi kuliko wewe. Siyo kila maruweruwe ni baipola. Ukiwa na homa, umeumia kichwa, umeacha pombe ghafla baada ya kuinywa kwa muda mrefu, au hujui uko wapi na leo ni siku gani, hiyo ni dharura ya mwili na inatakiwa vipimo vya mwili. Kuona vitu vya ghafla, huku ukipoteza fahamu na kurudi, kusichukuliwe kuwa ni yale yale ya siku zote. Wagonjwa wa akili huchelewa kutibiwa malaria na maambukizi mengine kwa sababu kila dalili yao husukumwa upande mmoja. Waambie nduguzo walisisitize hilo mlangoni mwa hospitali.

Fedha, kwa kifupi: wekeni kikomo cha kutoa, na jambo lolote kubwa lisubiri usiku mbili za usingizi kamili na kauli ya mtu wako.

Mwisho ni karatasi ya matakwa yako. Hospitali unayoiamini, dawa iliyokusaidia na iliyokudhuru, nani aitwe na nani asiitwe, nani alale na watoto na waambiwe nini. Mimi ningependelea waambiwe ukweli wenye ukubwa wao: kwamba mzazi anaumwa, ubongo wake unamsikilizisha vitu visivyokuwepo, yuko kwa madaktari, na wao hawakusababisha. Iwe na tarehe, uisaini wewe na mtu wako, nakala ziwe kwake, kwa daktari na kwenye simu yako. Dawa ikibadilishwa, karatasi nayo ibadilishwe siku hiyo hiyo.