Kabla hujashuka Sayansi na kidude chako

Mimi ni fundi simu, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Nimetengeneza kidude kinachokaa kwenye simtanki na kumtumia mwenye nyumba meseji maji yakikaribia kuisha, aagize boza mapema. Vijana wananiuliza serikali ilinisaidiaje. Nawapa mpangilio ambao ningeufuata leo, maana nilioufuata mimi ulikuwa kichwa chini miguu juu.

Anza na NIDA, yaani kitambulisho cha taifa. Jina la biashara unasajili BRELA mtandaoni na kulipia kwa control namba, wala hutoki kibandani. Ila majina lazima yafanane kila mahali. Kwangu kitambulisho kilisoma Saidi, TIN, namba ya mlipakodi, ikasoma Said. Hiyo "i" moja ilinila wiki tano.

Hapo hapo BRELA ulizia hataza, yaani haki ya kumiliki ulichobuni, kabla hujakianika kitu chako. Hataza inataka kitu kipya, na ukishakimwaga hadharani mambo yanakuwa magumu. Mimi nilishakirusha Instagram kwa mbwembwe zote, nikabaki na alama ya biashara tu.

Sasa nenda Costech, Tume ya Sayansi na Teknolojia, Kijitonyama, unashuka kituo cha Sayansi. Pale kuna Buni Hub na DTBi, wanaolea kampuni changa za teknolojia. Usiende na maneno matupu. Nilibeba ndoo ya lita 20 na jagi, nikachota mbele yao mpaka simu ikalia. Wakacheka, halafu mmoja akauliza: "Nani ameshalipia?" Nikatoa daftari: wenye nyumba 11 wa Goba, elfu tano kwa mwezi, wawili wadaiwa sugu. Basi tukazungumzia wale wadaiwa kuliko kidude chenyewe. Nawadaije, nakizima au naendelea kuwavumilia? Kwa hiyo andika kila shilingi, hata iliyogoma kuja.

Huna cheti cha chuo? Usinywee. MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya ubunifu yaliyoanza 2019, yana kundi la mfumo usio rasmi. Ndiyo sisi hao.

Kama kidude chako kina laini ya simu ndani, fika TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kikaguliwe kabla hujauza kingi. Ukitunza namba za wateja, kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi; sheria yake ni ya 2022, na inawahusu hata wadogo.

Hela je? Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 4 kati ya hizo ni za vijana. Muone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Mkopo wa vijana ni wa kikundi, kwa hiyo wachague wenzako kama unayechagua mtu wa kumwachia funguo za duka. Sisi tulikuwa watano, na wa tano kichwani alikuwa anapiga hesabu za kujinunulia bodaboda kwa mkopo huo. Tulimbadilisha kabla ya kufungua akaunti. Angeshaweka saini benki, tungekuwa tunambembeleza mpaka leo.