Soma Rangi ya Udongo Kabla ya Kuchimba Mtaro: Mashamba Yanayotuamisha Maji Malindi na Magarini

Masika ikishika hapa pwani ya Kenya, Aprili hadi Juni, mashamba mawili yanayopakana huwa na sura mbili. Juu, kwenye mchanga mwekundu wa Magarini, maji huzama papo hapo. Chini, bondeni kuelekea mto Sabaki, maji hukaa siku baada ya siku na mahindi hugeuka manjano. Hapo wengi hushika jembe na kuchimba mtaro. Mtaro huo huponya shamba moja, haufanyi lolote kwa shamba la pili, na la tatu huliharibu kwa miaka mingi. Maji hutuama kwa njia tatu zisizofanana, kila njia ina dawa yake, na rangi ya udongo ndiyo inayoanza kukuonyesha unapambana na ipi.

Chimba shimo, uutazame ukuta wake

Subiri kama wiki mbili baada ya mvua kubwa kupungua, udongo ukiwa na unyevu lakini si tope. Chimba shimo la upana wa sentimita 60 na kina cha mita 1. Moja halitoshi: weka moja mahali pa chini kabisa, jingine kwenye mteremko, na la tatu pale mimea inapokufa kila msimu. Beleshi na jembe huupaka ukuta na kuficha rangi, kwa hiyo ubandue ukuta kwa ncha ya kisu, kidogo kidogo, upate uso mpya. Kama umekauka, unyunyizie maji. Udongo mkavu hupauka ukadanganya.

Udongo wa kahawia au mwekundu mtupu, usio na mabaka, hupata hewa mwaka mzima. Udongo wa kijivu wenye madoadoa ya rangi ya kutu ni mahali maji yanapokuja na kuondoka. Ukikuta kijivu kitupu, au kijivu kinachoelekea buluu au kijani, jua maji hayaondoki hapo karibu mwaka mzima.

Chanzo chake ni hewa. Maji yakijaza vitundu vyote vya udongo, mizizi na bakteria humaliza oksijeni iliyomo, na kwa joto la Pwani hiyo ni kazi ya siku moja au mbili. Bakteria zisizohitaji hewa hushika zamu: kwanza hutumia naitreti, halafu manganizi, halafu chuma. Chuma ndicho kinachoupa udongo wekundu. Kikifikiwa huyeyuka na kuhama na maji, na chembe zinabaki kijivu. Hewa ikirudi kupitia ufa au njia ya mzizi uliooza, chuma hushika kutu palepale. Ndiyo maana ukiangalia kwa makini utaona mistari myembamba ya rangi ya chungwa ikifuata mizizi kwenda chini. Hiyo ndiyo alama ya kuaminika kuliko zote.

Tahadhari mbili. Mchanga mweupe au wa kijivu karibu na ufuo, kama upande wa Mambrui, unaweza kuwa hivyo kwa sababu hauna chuma cha kutosha tangu asili. Bila madoa ya kutu, kijivu chake si ushahidi. Pili, rangi hubaki muda mrefu hata baada ya maji kuondolewa. Angalia na maji yenyewe pia.

Pima kwa futi kamba kina ambapo kijivu kinaanza. Kikianza kabla ya sentimita 30, sahau muhogo, mkorosho na mbaazi. Hapo ni pa mpunga au nduma. Kati ya 30 na 60 unaweza kulima mahindi, kunde na mboga juu ya matuta. Miti kama mwembe na mkorosho tunaishauri pale ambapo mita 1 nzima haina kijivu.

Usiutafute weusi wa milimani

Maelezo mengi ya udongo wa aina hii, unaoitwa gleisoli, yametokana na nyanda za juu. Kule Mlima Kenya na Aberdare, kwenye mabonde ya baridi, maji hushuka kutoka mteremkoni na kukwama chini. Baridi na ukosefu wa hewa huzuia majani yasioze. Kwa hiyo juu huwa na tabaka jeusi la mboji, wakati mwingine nene na lenye asidi, na kijivu chake kiko chini yake. Huku kwetu joto hulila jani kabla halijajikusanya, na udongo uliojaa maji waweza kuwa na juu pa kahawia hafifu tu. Kinyume chake, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua si mweusi kwa wingi wa mboji. Mara nyingi mboji yake ni kidogo. Wanaoununua wakidhani ni wa rutuba ya ajabu hujuta mvua ya kwanza.

Maji yanatoka wapi

Kaa kando ya shimo lako dakika 30 na uone maji yanaingilia wapi.

Yakichuruzika kutoka ubavuni, sentimita 20 hadi 50 kutoka juu, huku sakafu ya shimo ikiwa kavu, maji yamekalia tabaka gumu. Choma ukuta kwa kisu kutoka juu kwenda chini. Ukikutana na ukaidi wa sentimita 5 hadi 10 kisha kisu kikalegea tena, hilo ni gamba la jembe au trekta, lililotokana na kulima kina kilekile kila mwaka, tena udongo ukiwa mbichi. Livunje Januari au Februari, udongo ukiwa mkavu kabisa, kwa mtaimbo au kwa plau ya kina. Ukilivunja likiwa na maji halivunjiki. Linakandika na kuziba zaidi. Lakini ukaidi ukiendelea chini mpaka mwisho wa shimo, huo ni mfinyanzi wa asili chini ya kichanga. Usihangaike kuuvunja. Fanya matuta.

Maji yakipanda kutoka sakafuni, na kijivu kikizidi kadiri unavyoshuka, ni maji ya ardhini yaliyo karibu. Haya ndiyo ya tambarare za Sabaki. Mtaro utasaidia ikiwa tu mdomo wake, pale unapomwaga, uko chini kuliko shamba hata mto ukiwa umejaa. Hakikisha kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wa mita 15 au 20: ujaze maji bila viputo vya hewa, funga kila ncha kwenye mti wenye vipimo, kisha linganisha viwango hatua kwa hatua mpaka ufike mdomoni. Kama mto uko juu, mtaro wako utakuwa mlango wa kuuleta mto shambani.

Aina ya tatu ni maji ya chumvi pembezoni mwa mikoko, na tutaifikia mwisho.

Mtaro na matuta

Anza kuchimba mdomoni ukipanda juu, ili kila unapofika maji yawe na pa kwenda. Mteremko wa sentimita 20 hadi 40 kwa kila mita 100 unatosha. Ukizidisha, maji yatakula kingo. Kwa udongo wa mfinyanzi, kina cha sentimita 60 na sakafu ya sentimita 30 huhitaji mdomo wa juu wa mita 1.5, kingo zikiwa zimelala. Kingo zilizosimama wima huporomoka mvua ya pili. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni udongo uliotolewa kurundikwa kandokando kama ukuta. Ukuta huo huzuia maji ya shambani yasiingie mtaroni. Usambaze.

Matuta yawe na upana wa mita 1.2, kimo cha sentimita 20 hadi 30, na mifereji ya sentimita 30 hadi 40 katikati. Tuta moja hubeba mistari miwili ya mahindi kwa nafasi ya sentimita 75. Yaelekeze yafuate mteremko mdogo kuelekea mtaro mkuu, na yawe tayari kabla ya mvua. Ili kujua kama udongo umekauka vya kutosha kulimwa, uviringishe viganjani. Ukitoa kamba nyembamba ya milimita 3 bila kukatika, bado ni mbichi, subiri. Na usimwage mchanga kwenye mfinyanzi ukidhani utaulegeza. Mchanga kidogo hausaidii, unakuachia donge gumu zaidi. Samadi iliyooza vizuri, tani 2 hadi 4 kwa ekari, hufanya kazi hiyo pole pole.

Mahindi machanga yenye majani chini ya sita bado yana kitovu cha kukua ndani ya ardhi, na yakifunikwa na maji huvumilia siku mbili hadi nne, pungufu kukiwa na joto kali. Yakinusurika, usitie mbolea ya kukuzia maji yakiwa bado yamesimama. Naitrojeni ya CAN (mbolea ya kalsiamu, amonia na naitreti), sehemu yake iliyo naitreti, itageuzwa gesi na bakteria zilezile na kupotea angani. Subiri maji yaondoke, kisha uiweke kidogo kidogo kwa awamu mbili. Kwa mpunga, tumia yuria au salfeti ya amonia badala ya CAN.

Chumvi na mikoko

Karibu na Gongoni na Ngomeni, weka kidonge cha udongo mkavu kwenye glasi ya maji ya mvua, si ya kisima, na usikitikise. Baada ya saa 2, na tena kesho yake, tazama. Wingu jeupe la maziwa likienea kukizunguka kidonge, sodiamu imevunja mshikamano wa udongo. Hata mtaro mzuri hautapitisha maji mpaka jasi (madini ya salfeti ya kalsiamu) itiwe na chumvi ioshwe kwa maji mazuri. Kiasi cha jasi hutegemea kipimo cha sodiamu cha maabara, usikikisie.

Tope la kijivu au jeusi la mikoko linalonuka yai viza lina salfa iliyoungana na chuma. Likiwa chini ya maji halina madhara. Ukilichimbia mtaro likakauka, hewa huigeuza salfa hiyo kuwa asidi kali, mabaka ya manjano yaliyopauka hutokea, na hata nyasi hazioti. Kabla ya kuthubutu, weka sampuli kwenye mfuko, iwe na unyevu na hewa kwa wiki 8, ukiipima kwa karatasi za pH, za kupimia asidi. Ikishuka chini ya 4, liache tope hilo chini ya maji na mikoko yake. Kama mtaro umeshachimbwa, uzibe mapema, maji yalifunike tena tope kabla halijakauka.